Mji Ulioponea Kwenye Daftari

Kuna maneno ambayo Mswahili akifika Ulaya hayamtoki mdomoni: "Wenzetu wanajua kutunza." Huyasema mbele ya kila ukuta wenye ukungu, kila daraja la mawe, kila dirisha lenye maua. Kisha hutikisa kichwa, akakumbuka jumba fulani la kwao lililoota mwarobaini juu ya paa, akanyamaza. Na mimi niliyasema, kimoyomoyo, niliposhuka treni katika kituo cha La Charité-sur-Loire na kuanza kuteremka kuelekea mtoni. Nilipofika darajani jioni nilikuwa nimeshayafuta.

La Charité ni mji mdogo wa wakazi wapatao 5,000, mkoani Nièvre, eneo la Bourgogne, saa mbili na ushei kwa treni kusini mwa Paris. Umekaa ukingo wa mashariki wa Loire, mto mrefu kuliko yote Ufaransa, unaotiririka zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kumwaga maji Atlantiki. Kwa anayetaka kuona Ufaransa ya vijijini bila kusukumana na misururu ya watalii, pananifaa zaidi kuliko vile vijiji maarufu vya kwenye kalenda, ambako wakati wa kiangazi wageni ni wengi kuliko matofali. Hapa unaweza kukaa saa nzima kwenye kiwanja cha mbele ya kanisa na wapita njia ukawahesabu kwa vidole.

Kiwanja hicho ndicho kilichonivuruga. Upande mmoja kuna mnara mkubwa wa mawe, uliochongwa kwa ustadi wa karne ya 12, umesimama peke yake kama mlinzi aliyeachwa na wenzake. Mbele yako, hatua kadhaa, kuna kanisa. Kati ya viwili hivyo ni uwazi, na pembeni ni nyumba za watu. Ukizitazama nyumba hizo vizuri unaona matao ya zamani yamemezwa na kuta zake, dirisha la chumba cha kulala limetobolewa penye tao la kanisa. Ndipo unapong'amua: hujasimama nje ya kanisa. Uko ndani. Mnara ule ulikuwa mlango wake, na unapotembea chini ya mbingu ndipo waumini walipokuwa wakipiga magoti. Ukumbi wa kanisa ulikatika katikati, na watu wakajenga majiko na vitanda ndani ya mbavu zake.

Je, hao ndio wanaojua kutunza?

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1059 watawa wa Cluny, monasteri kubwa ya huko huko Bourgogne, walianzisha hapa nyumba yao. Walikuwa wafuasi wa kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ile inayofuatwa leo na watawa wa Ndanda na Peramiho, ila hawa wa Cluny walikuwa na utajiri na ushawishi uliotisha hata wafalme. Wasafiri na maskini walikuwa wakija kuomba hisani kwa watawa, na simulizi la mji linasema jina limetoka huko: La Charité, Hisani. Mwaka 1107 Papa Paskali wa Pili alikuja mwenyewe kulitabaruku kanisa. Kwa ukubwa lilihesabiwa la pili baada ya lile la Cluny. Mahujaji waliokuwa wakienda kwa miguu hadi Santiago de Compostela huko Hispania walipita hapa, wakala, wakalala, wakavuka mto.

Yaliyofuata ni vita na moto, nami nitayapita haraka. Mwishoni mwa mwaka 1429 Jeanne d'Arc, yule binti aliyeongoza majeshi ya Ufaransa dhidi ya Waingereza, aliuzingira mji huu kwenye baridi kali, jeshi lake likiwa na njaa, akashindwa. Wale tunaomjua kwa ushindi wa Orléans hatuambiwi sana kuhusu La Charité. Mwaka 1559 moto ulikula mji na kanisa. Miaka 11 baadaye, kwenye mapatano ya kusimamisha vita vya dini, mji ulikuwa mmoja wa minne waliyopewa Waprotestanti iwe ngome ya usalama wao, pamoja na La Rochelle, Cognac na Montauban. Watawa walijaribu kukarabati, pesa hazikutosha, ukumbi ukabaki kipande. Kisha yakaja Mapinduzi ya 1789, mali za Kanisa zikataifishwa na kupigwa mnada, na majengo ya watawa yakaingia mikononi mwa watu binafsi.

Hapo tusimame, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Linganisha na Cluny, mama yake. Kanisa la Cluny lilikuwa na urefu wa mita 187 hivi, na kwa karne kadhaa halikuwa na mfano katika Ukristo wote wa Magharibi, mpaka Roma ilipojenga kanisa jipya la Mtakatifu Petro. Mwaka 1798 liliuzwa kwa wafanyabiashara. Walilinunua kama mtu anavyonunua gari bovu ili auze vipuri. Walipasua barabara katikati ya ukumbi, na baada ya hapo kubomoa kulikuwa jambo la kumaliza tu. Baruti ilitumika. Mawe yaliuzwa kwa miaka hadi ilipofika 1823. Leo kilichobaki hakifiki sehemu moja ya kumi, na penye sehemu ya kanisa Napoléon alianzisha zizi la farasi wa serikali. Hakuna adui wa nje aliyefanya hayo. Walifanya Wafaransa wenyewe, wenye akili timamu, kwa hesabu ya faida.

La Charité ilikuwa iende njia hiyo hiyo. Wahandisi wa barabara walichora mstari wao kwenye ramani, na mstari ukapita ndani ya kanisa. Tena haukuwa uamuzi wa kishenzi. Barabara ilikuwa ya lazima, gofu lilikuwa kubwa, na wakazi wengi walitamani zaidi magari ya kukokotwa na farasi yapite mjini mwao kuliko kuchungulia nakshi za watakatifu. Ninaifahamu hoja hiyo vizuri. Nimeisikia kwetu, kwa lafudhi zetu.

Tofauti ya Cluny na La Charité ni miaka 40, na ndani ya miaka hiyo kilizaliwa kitu kimoja kisichopendeza kupigwa picha: cheo cha serikali. Mwaka 1830 iliundwa kazi ya mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria. Mwaka 1834 alipewa Prosper Mérimée, kijana wa miaka 30, mwandishi wa hadithi, mtu wa mizaha, asiyekuwa mcha Mungu hata kidogo. Mérimée alizunguka nchi kwa magari ya farasi, akilala kwenye nyumba za wageni zenye kunguni, akipima nyufa, akiandika ripoti, akigombana na mameya na mapadri waliotaka kupaka chokaa juu ya michoro. Alipofika La Charité aliona kilichopo na kinachokuja. Mwaka 1840 ilipotoka orodha ya kwanza ya majengo yanayostahili msaada wa serikali, yenye majina zaidi ya 1,000, kanisa la La Charité lilikuwamo. Barabara ikatafutiwa njia nyingine.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sijui methali inayomfaa Mérimée kuliko hiyo. Cluny haikuwa na daftari, ikapotea. La Charité iliandikwa, ikasalia. Wafaransa wa 1840 hawakuwa na mapenzi ya mawe kuliko Wafaransa wa 1798, wala hawakuwa wamegeuka kuwa taifa lenye "utamaduni wa kutunza". Walikuwa na mtu mmoja anayelipwa mshahara ili akague, karatasi yenye majina, na kasma ndogo ya kila mwaka. Mapenzi yalikuja baadaye sana. Siku ya urithi, ile ambayo Wafaransa hufunguliwa milango ya majengo ya zamani na kupanga foleni wakiwa na watoto, ilianza mwaka 1984 tu.

Na daftari lenyewe lilichukua muda kuota meno. Kwanza lilikuwa ombi: tafadhali usibomoe. Sheria ya 1887 ilianza kufunga mikono, lakini mwenye nyumba binafsi aliweza kukataa. Ni ile ya tarehe 31 Desemba 1913 iliyoiwezesha serikali kuliorodhesha jengo hata kama mwenyewe hataki. Mwaka 1943 wakaongeza duara: ukijenga ndani ya mita 500 kuzunguka jengo lililolindwa, na nyumba yako ikawa inaonekana pamoja nalo, lazima msanifu wa serikali apitishe. Katika mji kama La Charité maana yake karibu kila mtu. Dirisha lako la plastiki, rangi ya mbao za madirisha, vigae vya paa, bango la duka la mkate, vyote vina mtu wa kuviulizia.

Mwenye duka mmoja wa vitabu, mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, aliniambia habari za msanifu huyo kwa sauti ambayo kwetu hutumika kumzungumzia mtu wa kodi. Mkazi wa Mji Mkongwe wa Unguja angemwelewa bila mkalimani. Naye ana Mamlaka yake ya Uhifadhi inayomwambia baraza lisibomolewe na dishi lisiwekwe mbele. Uzuri unaomfurahisha mgeni hulipiwa na mwenyeji, kwa senti na kwa kero. Nadhani ni haki kulisema hilo kabla hatujawapigia makofi.

Msomaji makini ataniuliza: mbona Zanzibar ilikuwa na daftari? Ni kweli. Mji Mkongwe uliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, sheria zipo, mamlaka ipo tangu miaka ya 1980, na bado siku ya Krismasi 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, Kenya ina ya kwake ya 2006. Karatasi tunazo.

Kwa hiyo niseme vizuri zaidi. Daftari la Mérimée lilifanya kazi kwa sababu lilifungamana na vitu viwili vingine: mtu anayerudi mwaka hadi mwaka kuangalia ufa ule ule, na fungu la fedha ambalo halisubiri jengo lianguke ndipo lipitishwe. Kwetu mara nyingi tunaanzia upande wa pili, mfadhili, bango, uzinduzi, kisha kimya mpaka mfadhili mwingine. Lakini inapotokea vitu vyote vitatu vikakutana, matokeo hayachagui rangi ya mtu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, bahari ikila kingo na mimea ikipasua kuta. Ikafanyika kazi ya miaka kadhaa, waashi na wanakijiji wakiwamo, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Hawakubadilishiwa utamaduni.

Nirudi mtoni, maana mji huu ni wa mto kabla ya kuwa wa kanisa. Daraja la mawe lenye matao, la karne ya 16, linavuka mkono mmoja wa Loire hadi kisiwani, penye kitongoji cha waliokuwa mabaharia. Ndiyo, mabaharia, mamia ya kilomita kutoka baharini. Loire ilikuwa barabara kuu. Mashua pana za kitako bapa zilipandisha chumvi na bidhaa za makoloni kutoka Nantes kwa tanga, upepo wa magharibi ukizisukuma, na kuteremsha divai, kuni, makaa na vyombo vya udongo. Kazi ya kubahatisha: wakati wa kiangazi maji hupungua hadi michanga inachomoza, wakati wa masika mto hufurika. Mafuriko ya 1846, 1856 na 1866 bado yanatajwa kandokando yote ya Loire kama kwetu wanavyotaja mvua za El Niño. Mwaka 1838 ulifunguliwa mfereji sambamba na mto ili mashua zisitegemee huruma ya maji, na muda si mrefu reli ikaja, ikawaua wote, mto na mabaharia wake. Mji ukabaki na gati zisizo na mzigo.

Watu hawapendi kusikia hili, lakini umaskini nao ulisaidia kuhifadhi. Mji unaokua hubomoa. Usiokua hupiga viraka. Vichochoro vya La Charité, ngazi zake za mawe na ukuta wa ngome ambao ukipanda juu yake unaliona kanisa lote na mto nyuma yake, vimebaki hivyo kwa kiasi kikubwa kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na pesa ya kuviharibu. Lamu inaijua hadithi hiyo.

Ila kutokua kuna bei. Mkoa wa Nièvre ulikuwa na watu karibu 347,000 mwaka 1886. Leo ni 200,000 hivi. Vijana huondoka, shule hufungwa, maduka ya barabara kuu hubaki na vumbi kwenye vioo. Na mzigo wa mawe haupungui kwa kupungua watu. Kwa sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na serikali, makanisa ya parokia yaliyojengwa kabla ya hapo ni mali ya halmashauri. Fikiria halmashauri ya watu 5,000 inayomiliki kanisa lililoshindana na Cluny. Serikali kuu huchangia, mkoa huchangia, na tangu 2018 kuna hata bahati nasibu ya taifa ambayo sehemu ya mapato yake huenda kwenye majengo ya zamani. Hata hivyo vijiji vingi vya Ufaransa vina makanisa yaliyofungwa kwa mnyororo kwa sababu paa litamwangukia mtu. Mtalii hapelekwi huko, kwa hiyo hawezi kurudi nyumbani akasimulia.

La Charité ilijaribu ujanja mwingine: vitabu. Kodi za fremu zilikuwa rahisi kwa kuwa hakuna aliyezitaka, wauza vitabu vya zamani wakaja, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mji ukajitangaza kuwa mji wa vitabu, kwa mfano uliobuniwa Hay-on-Wye huko Wales. Majengo ya watawa yaliyokarabatiwa yamegeuzwa kituo cha utamaduni kinachoshughulikia maneno na lugha, na tangu 2005 mji umekuwa na tamasha la neno. Nilinunua ramani ya Afrika ya Mashariki iliyochanwa kutoka kwenye atlasi fulani, Kilimanjaro ikiwa imewekwa mahali pasipo pake. Kama biashara, sikushawishika. Wauza vitabu wengi niliowaona wana umri wa kustaafu, na saa nilizokaa dukani kwa yule mzee wa miwani miwili tuliingia wateja wawili, mimi nikiwa mmoja. Lakini taa za maduka zinawaka, na mtu akipita usiku haoni mji uliokufa. Pengine kwa sasa hilo ndilo lengo lenyewe.

Nilimuuliza mzee kama angependa mji uwe na watalii wengi zaidi. Akasema angependa uwe na daktari. Sikuelewa mpaka nilipokumbuka kuwa Januari 2023, Nevers, makao makuu ya mkoa huu, umbali mfupi juu ya mto, walianza kukodi ndege ndogo kuwaleta madaktari kutoka Dijon waje kufanya kazi hospitalini, kwa sababu hakuna aliyetaka kuhamia. Mkoa wenye wakaguzi wa vigae hauna wa kutosha wa kupima presha. Serikali iliyoweza kumzuia mhandisi wa barabara mwaka 1840 haijaweza kumshawishi daktari kijana akae kando ya Loire, na sidhani ni kwa kukosa sheria. Jiwe likiorodheshwa haliondoki.

Chini ya daraja, michanga ilikuwa imechomoza. Kuanzia hapa kuteremka mto, zaidi ya kilomita 15, ni hifadhi ya taifa ya mazingira iliyotangazwa mwaka 1995. Buabua hutaga mayai juu ya mchanga mtupu, bila kiota, na msimu wa kutaga ukifika watu hukatazwa kukanyaga visiwani. Nilisimama nikiwatazama wakipiga mbizi mpaka nikakaribia kuchelewa treni.

Kituo cha treni cha La Charité kina kisa chake, nacho kinanihusu mimi niliyepigia debe daftari kurasa nzima. Juni 1940, jeshi la Ufaransa likikimbia kuelekea kusini, treni iliyobeba nyaraka za siri za makao makuu yake ilikwama hapa. Wajerumani waliikuta, wakafungua mafaili, wakakuta mipango ya Ufaransa na Uingereza, ikiwamo ile ya kushambulia kwa ndege visima vya mafuta vya Baku, wakayachapisha dunia nzima isome. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa vizuri, kwa tarehe na sahihi. Aliyekosekana ni wa kulisukuma behewa.

Treni yangu ilifika kwa wakati.